Kijana Aliyeanguka kwenye Ufahamu

Benchi lenyewe ni mlango. Ulitoka kwenye nyumba gani hakuna anayekumbuka, ila ulilazwa juu ya matofali nje ya duka la kunyolea, upande wenye kivuli, na kitasa chake bado kipo. Mgeni asiyejua huja akakaa katikati, juu ya kitasa, na wenyeji hunyamaza wote kwa pamoja wakimtazama anavyojisogeza kidogo kidogo, hataki kuonekana ameumia. Kila alasiri, kazi zikilegea, muuza kahawa hupita na birika lake, na wenye benchi hubishana mpaka kahawa iishe au jua lizunguke liwafukuze. Wabishi wakuu ni watatu. Yupo Rivasi, dereva wa lori la mchanga, aliyepata jina hilo siku aliporudisha gari nyuma akabomoa ukuta wa ofisi ya leseni, akiwa amekwenda kuchukua leseni. Yupo Penalti, fundi baiskeli, ambaye ujanani alipiga penalti ya fainali mpira ukapaa, na mpaka leo akiinuka kuaga lazima mtu atazame juu amuulize kama umeshashuka. Na yupo Kilo, muuza vitabu vilivyokwisha tumika, anayevitandaza kwenye turubai pembeni ya benchi na kuviuza kwa mizani kama vitunguu. Kilo hajasoma hata kimoja. Anasema akisoma ataanza kuvipendelea baadhi, na biashara haitaki upendeleo.

Wa nne ni mwenye duka, Kinyozi, na yeye peke yake ndiye anayeitwa kwa kazi yake. Hilo si jambo dogo. Pale kosa moja linamtosha mtu maisha yake yote. Rivasi ana watoto wazuri, wenye adabu na akili, na shuleni wanaitwa watoto wa Rivasi. Kinyozi alikuwa amekaa miaka yote akikwepa. Hachezi mpira, hagombani, haendeshi chombo chochote cha moto, na kichwa cha mtu anakizunguka kwanza kabla ya kukigusa. Halafu mwaka jana, mtu makini kama huyo, akafeli mtihani.

Ilikuwa hivi. Kinyozi aliacha shule akiwa darasa la mwisho la sekondari ya juu, baba yake alipopooza mkono na mashine ya kunyolea ikabaki haina mwenyewe. Kiingereza ndilo somo alilolipenda kuliko yote, na hakuwahi kulifanyia mtihani. Lilimuuma, na halikuacha kumuuma alipokuwa mtu mzima. Mwaka jana akajikaza, akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, kijiweni akaaga kwamba anakwenda kung'oa jino, akaketi chumba kimoja na watoto ambao vichwa vyao alikuwa amevinyoa yeye mwenyewe wiki hiyo. Alirudi ameshika shavu. Alilishika siku kadhaa kwa uaminifu, hata akawa anatafuna upande mmoja. Matokeo yalipotoka, alikuwa ameanguka.

Sasa alikuwa amejiandikisha tena, na mtihani ulikuwa unakaribia. Mwaka jana vitabu alijichagulia mwenyewe na matokeo yake aliyaona, kwa hiyo safari hii alitaka ushauri. Lakini amuulize nani bila kujulikana? Mtaa mzima mwenye vitabu ni Kilo, na ukimwambia Kilo umemwambia benchi.

Basi Kinyozi akajitungia mpwa. Alisubiri vikombe vijae, akapangusa mkasi kwenye aproni kana kwamba linalofuata si kitu, akamuuliza Kilo kama ana vitabu vya kumfaa mtoto wa dada yake, kijana wa sekondari ya juu, anayekwenda kufanya mtihani wa Kiingereza.

— Dada yako si ana mabinti watupu? aliuliza Penalti.

— Huyu ni wa dada mwingine. Wa mbali.

— Mbali wapi?

— Mbali tu.

Penalti akaridhika, maana hata yeye ana ndugu wa aina hiyo. Kilo aliuliza swali moja tu, kama mtihani ni wa kawaida au wa ngazi ya juu. Aliposikia ni wa juu akainuka, akatembeza macho kwenye turubai, akarudi na kitabu kinene chenye jalada la kijani, akakiweka kwenye mizani mbele ya wote. Mshale ukateremka. Kilo akaitikia kwa kichwa kama daktari aliyeona alichokitarajia.

— Hiki kinamfaa.

— Kinahusu nini?

— Mabomba ya maji machafu. Lakini Kiingereza chake hakina mchezo. Kibebe uone.

Kinyozi akakibeba, na kweli hakikuwa na mchezo. Kilo akaeleza, kwa utulivu wa mtu anayeijua kazi yake, kwamba darasa la kwanza mtoto hupewa vitabu vyepesi, akipanda vinaongezeka, akifika juu vinamkunja mgongo. Kwa hiyo mwenye mizani anajua kitabu ni cha darasa gani bila hata kukifungua. Wanaofungua ndio wanaochanganyikiwa. Kinyozi akauliza kwa upole kama hana mitihani iliyopita, maana mwaka jana aliwaona wale watoto wa shule wakija na mafungu yake, ingawa hilo la kuwaona hakulisema.

Rivasi alicheka mpaka kahawa ikamwagikia magotini.

— Iliyopita ya nini, na imepita?

— Ya kufanyia mazoezi.

— Mimi basi likinipita sisimami barabarani kulifanyia mazoezi.

Hoja hiyo ililikaa benchi vizuri. Penalti alijaribu kusema kwamba hata wachezaji hutazama mechi za zamani, lakini Rivasi alimtazama juu ya kichwa, upande wa mawinguni, na Penalti akanywea. Rivasi alipoona uwanja ni wake akaendelea. Mitihani iliyopita ina faida moja, alisema, nayo ni kujua yale yasiyokuja tena. Watungaji si wajinga warudie. Kijana akusanye mitihani yote tangu shule zianze, asome kila swali, na kila atakalolisoma alifute kichwani. Kile kitakachobaki kwenye Kiingereza chote duniani, hicho ndicho mtihani wa mwaka huu.

— Na hicho kitakachobaki atakipata wapi? aliuliza Kinyozi, akajishangaa kuona ameuliza kwa dhati.

— Kwenye kamusi, alijibu Penalti.

Wote wakamgeukia. Penalti hakuwa na haraka. Alifuta mikono yake yenye grisi kwenye tambara, kidole baada ya kidole, akawauliza kama kuna neno lolote linaloweza kuja kwenye mtihani wa Kiingereza ambalo halimo kwenye kamusi ya Kiingereza. Hawakulipata. Basi, alisema, mtihani wote umo mle, na majibu yamo, ila kuna mtu aliyapanga kwa herufi makusudi ili wanafunzi wasijue. Dawa yake ni mkasi. Kata maneno yote, tia kwenye gunia, tikisa, kila asubuhi chota kiganja kimoja upange. Ukiwa na subira, siku moja utakuwa umeupanga mtihani wenyewe, neno kwa neno, umekaa nyumbani kwako.

— Akikosea kupanga? aliuliza Kinyozi.

— Atakuwa amepanga wa mwaka kesho.

Kilo aliunga mkono kamusi, kwa kuwa anayo moja ambayo mizani yake haijawahi kuimudu, ila alitaka ieleweke mapema kwamba gunia linapimwa mbali. Rivasi hakupenda kupitwa na fundi baiskeli. Alishusha sauti, akawaashiria wasogee, na waliposogea akawauliza mtunga mtihani anawaza nini akiwa peke yake ofisini. Wakasema hawajui. Yeye anajua. Anawaza achukue maneno mahali ambapo hakuna mtu anayesoma. Na wapi hapasomwi? Ile karatasi iliyokunjwakunjwa ndani ya boksi la dawa. Nyuma ya tiketi. Kijitabu kinachokuja na friji. Mstari wa chini kabisa kwenye pakiti ya sabuni. Kiingereza kilichoko kwenye mabango ni cha kila mtu, hicho cha kwenye maboksi ndicho cha ngazi ya juu. Yeye Rivasi anazo, chini ya kiti cha lori, karatasi za injini ambazo tangu gari litoke kiwandani hazijaguswa na mkono wa binadamu, na yuko tayari kumwazima huyo mpwa, mradi asizitie mafuta.

Kibaya ni kwamba Kinyozi alianza kuona mantiki. Dukani, kwenye droo ya taulo, kulikuwa na karatasi ya mashine ya kunyolea, maandishi madogo kama sisimizi, na alijikuta anajiuliza kama aliwahi kuisoma mpaka mwisho. Alikuwa amekuja kutafuta kitabu kimoja cha kumsaidia kufaulu, na sasa ana mabomba mapajani, gunia kichwani, na injini inamsubiri chini ya kiti. Siku nazo zilikuwa zinakwenda. Aliogopa. Akaona heri aseme ukweli, au walau kipande chake.

— Nisikilizeni. Insha anaandika vizuri, ufupisho anauweza. Kilichomwangusha mwaka jana ni ufahamu.

Muuza kahawa ndiyo kwanza alikuwa amerudi nyuma yao na birika.

— Nani kaanguka? aliuliza.

— Mpwa wake, alisema Penalti. — Ufahamu.

Muuza kahawa akasikitika. Alimjazia Kinyozi kikombe mpaka ukingoni, akamgusa bega, akaenda zake na birika lake, duka hadi duka. Hakuna aliyemfikiria tena. Ufahamu, kwa ambao wametoka darasani siku nyingi, ni ile sehemu ya mtihani unapopewa habari usome kisha unaulizwa umeelewa nini. Muuza kahawa hakuwahi kufika kwenye sehemu hiyo. Alichokielewa ni kwamba kuna kijana kaanguka na ufahamu umemtoka, na habari kama hiyo mtu muungwana haibani moyoni.

Wa kwanza kupita alikuwa mshona viatu. Alisimama, akamwambia Kinyozi pole na mgonjwa. Kinyozi akasema ahsante, kwa mazoea, kwa sababu kinyozi huitikia kila anachoambiwa na mteja. Akapita mama wa duka la dawa, naye akauliza kama kijana anafumbua macho. Kinyozi alidhani ni namna ya mzaha wa watu waliosoma. Akajibu kwamba anafumbua vizuri tu, ila akifika kwenye maswali marefu yanaanza kujifumba.

— Mlazeni ubavu, alisema yule mama, akaondoka kwa haraka.

Rivasi akaweka kikombe chini.

— Kumbe kijana anaumwa, na wewe umekaa hapa unatuuliza habari za vitabu.

Hapo Kinyozi angeweza kusema hapana. Neno lilimfika mdomoni kabisa. Lakini aliona kwamba mpwa akiwa mgonjwa hataulizwa sana ni wa dada yupi, na kivuli hicho kilimvutia. Akasema anaumwa kidogo. Alijidanganya, maana kijiweni hakuna ugonjwa mdogo.

Penalti alitaka kujua kama kijana aliangukia ndani ya chumba cha mtihani kwenyewe, na Kinyozi akakiri kuwa ni humo humo, jambo ambalo kwa kweli halikuwa uongo. Basi, akasema Rivasi, ugonjwa umeshajulikana. Kijana alitumia Kiingereza cha ngazi ya juu kabla ya kula. Kile ni kikali, kikikuta tumbo tupu kinapanda moja kwa moja kichwani. Yeye mwenyewe aliwahi kusoma kibao cha tahadhari bandarini akiwa na njaa, akaona giza. Penalti akasema tatizo si njaa, tatizo ni mwendo, kijana aliingia kwenye sentensi ndefu akiwa kasi na haikuwa na kituo karibu. Wakakubaliana kwamba vyovyote iwavyo, kuanzia leo apewe kwa kiasi, mistari michache asubuhi na michache jioni, baada ya chakula, na mtu awe karibu yake.

Kilo hakubishana. Alikitoa kitabu cha mabomba mapajani mwa Kinyozi kwa mikono miwili, taratibu, akakirudisha kwenye turubai.

— Mgonjwa hapewi kitu kizito, alisema.

Akapekua chini ya mafungu, akaja na kijitabu chembamba cha picha za ndege kisichokuwa na neno hata moja. Mizani haikutikisika. Kilo akaeleza kwamba aanze na hicho, akipata nguvu wataongeza kurasa, na Mungu akijalia, kabla ya mtihani atakuwa ameweza kuvumilia aya nzima.

Kinyozi alikipokea. Alikuwa na umri wa kuwa na mpwa kweli, ana duka lake, ana mtihani wa sekondari ya juu mbele yake, na amekabidhiwa picha ya bata. Akafikiri ameshafika mwisho wa mkosi. Kumbe Rivasi alikuwa amesimama na funguo za lori mkononi.

— Twendeni tukamwone.

— Ni mbali, alisema Kinyozi.

— Lori linakwenda mbali.

— Hapokei wageni.

— Sisi ni wajomba zake.

Penalti naye akainuka, hata hakuna aliyekumbuka kutazama juu. Kilo alianza kukunja turubai, jambo ambalo halifanyi hata mvua ikinyesha. Walikuwa wanakwenda kweli. Watu watatu walioweza kubishana juma zima kuhusu aliyehamisha tofali moja, walikuwa wameacha ubishi katikati kwa ajili ya mtoto ambaye hayupo, na Kinyozi aliwatazama maji yakimfika shingoni.

Ndipo Mama Mapacha alipovuka barabara. Ni fundi cherehani wa upande wa pili, mapacha wenyewe walishakua wakahama, na tangu benchi lile liwekwe hakuwahi kulikaribia, maana alilihesabu kuwa ni ugonjwa wa wanaume. Leo alikuja na nyuzi bado zimemganda kwenye nguo, amekumbatia chupa ya chai iliyofungwa kitambaa, na harufu yake ilikuwa ya supu. Aliwaamkia. Akawatazama mmoja mmoja. Akauliza:

— Mgonjwa yuko wapi?

Lilikuwa swali dogo, la mtu anayetaka kutua mzigo. Rivasi akamtazama Penalti. Penalti akamtazama Kilo. Kilo akatazama mizani. Walikuwa wamekwisha muuguza, wamempangia kipimo cha asubuhi na jioni, wamemchagulia kitabu, na sasa ndiyo wanagundua hawajui amelazwa nyumba gani, mji gani, wala anaitwa nani. Wote wakamgeukia mjomba.

Kinyozi alikuwa anaitazama ile chupa. Mvuke ulikuwa unapenya kwenye kifuniko. Mtu ameacha nguo ya mteja chini ya sindano, akaenda kuwasha jiko mchana wa jua kali, kwa ajili ya uongo wake wa kijiweni. Aliona aibu, na ilikuwa aibu kubwa kuliko ile ya kufeli.

— Mgonjwa ni mimi, alisema.

Mama Mapacha akamtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni.

— Mbona mzima?

— Ni ufahamu tu. Wa Kiingereza. Nilifanya mtihani mwaka jana, nikaanguka. Nimejiandikisha tena. Hakuna mpwa.

Kilo alilifunua turubai lake polepole, akaanza kuvirudisha vitabu mahali pake kimoja kimoja.

— Mwaka jana ile siku ya jino? aliuliza Penalti.

— Ile siku ya jino.

— Na jino? aliuliza Rivasi.

— Lipo.

Akafungua kinywa wakaliona. Kisha akakifunga, akasubiri jina. Alijua linakuja. Aliiona midomo ya Rivasi inajaribu jaribu, inaonja, na akawaza litakuwa Ufahamu au litakuwa Jino, na vyovyote vile wanawe watalibeba. Hakuwa na nguvu ya kulizuia. Lakini aliyezungumza ni Penalti, na sauti yake haikuwa ya utani.

— Swali lenyewe lilikuwaje?

Miaka yote hiyo watu walikuwa wakimuuliza Penalti mpira ulikwenda wapi. Hakuna aliyewahi kumuuliza siku ile ilikuwaje, kama kulikuwa na upepo, kama miguu ilitetemeka. Rivasi akamtazama, akaelewa au hakuelewa, lakini lile jina alilokuwa analionja alilimeza.

Kinyozi akaingia ndani, akafungua droo ya taulo, akarudi na karatasi ya maswali ya mwaka jana, imechakaa kwenye mikunjo. Aliwasomea habari yote kwa Kiingereza kwanza, na walisikiliza kwa heshima kama watu wanaosomewa hukumu. Kisha akawaeleza kwa Kiswahili. Kuna mwanamke anaishi peke yake kwenye nyumba iliyo kando ya barabara. Kila asubuhi anachukua ufagio, anafagia njia kutoka mlangoni mpaka getini. Haendi popote, na hakuna anayekuja. Msimu wa majani kuanguka anafagia majani, mvua zikija anafagia tope. Akifika getini anasimama kidogo, kisha anarudi ndani. Habari inaishia hapo, na swali linauliza ni kwa nini anafagia njia hiyo.

— Nikajibu, kwa sababu anapenda usafi.

— Sasa kosa liko wapi? alisema Rivasi. — Anafagia, anapenda usafi.

— Tulipotoka nje wale watoto waliulizana majibu. Nikawaambia langu. Wakacheka.

Benchi likachemka kwa niaba yake. Rivasi alisema wenye kosa ni watunga mtihani, na kama jibu la usafi hawalitaki basi huyo mama anafuta nyayo, kuna kitu anakiingiza usiku. Kilo aliona ni biashara ya kawaida, mama anauza kiwanja na anataka mbele kuvutie. Penalti akasema ukiangalia vizuri kufagia si jambo la maana, la maana ni kwamba anasimama getini, na mtu hasimami getini bure, huenda analipwa na halmashauri kukagua barabara. Rivasi akataka kujua analipwa na nani kama hakuna anayekuja. Penalti akasema ndiyo maana hakuna barabara nzuri. Kinyozi aliwasikiliza, na kwa mara ya kwanza alasiri ile hakuwa na hofu, ingawa hakuwa karibu na jibu zaidi ya mwaka jana.

Mama Mapacha alikuwa amekataa kukaa. Alisimama pembeni akimimina supu kwenye kifuniko cha chupa, na mkono wake ulikuwa umesimama katikati ya kumimina.

— Nani hajarudi? aliuliza.

— Wapi? alisema Rivasi.

— Hapo kwa huyo mama. Kuna mtu alitoka, hajarudi. Ni nani?

Penalti aliinamia mikono yake. Kinyozi akaigeuza karatasi, akatafuta mbele, akatafuta nyuma, akapitisha kidole kwenye kila mstari aliousoma mara nyingi mwaka mzima.

— Hawakuandika, alisema.

— Hawakuandika, alikubali Mama Mapacha, akampa kifuniko. — Kunywa kabla haijapoa.

Kinyozi alikipokea kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili aliikunjua karatasi juu ya goti, akaanza upya kutoka mstari wa kwanza, kwa sauti ndogo, na wenzake wakamsogelea ingawa hawakielewi Kiingereza. Yule mama wa kwenye habari alitoka mlangoni na ufagio wake. Alipofika getini, Kinyozi akaacha kusoma, akasimama naye hapo, akaitazama barabara.